Baba Hakutoka Nyumbani

Baba alipoamua kunipa nyumba, jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba lazima atoke ndani yake. Atoke kwa miguu yake, na nguo zake, na dawa zake, mimi nibaki na ufunguo, yeye akalale kwingine. Hapo ndipo itahesabika kuwa amenipa. Akibaki, hata kama ametamka mbele ya mashahidi kuwa nyumba ni ya binti yake, hajanipa kitu, amezungumza tu. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ni mzaha wa ami yangu, na ami yangu hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo.

Nieleze kwanza tulikuwa watu gani, maana ukisikia habari za mirathi na mawakili utadhani tulikuwa masultani. Baba alianza na lori moja bovu la kubebea chumvi kutoka viwanda vya kaskazini mwa Malindi kupeleka Mombasa. Mwishowe alikuwa na malori mengi, na nyumba za ghorofa za kupangisha kule Kilifi, karibu na maofisi, na viwanja viwili vitatu ambavyo hakupenda kuvizungumza. Lakini maisha yetu hayakubadilika. Kanzu aliivaa mpaka ikachakaa viwikoni. Alikula wali na samaki, akajinyoosha kidogo baada ya adhuhuri, na kila siku baada ya isha alifunga mlango wa chini kwa mkono wake. Tajiri wa namna hiyo huwapa watu taabu akifa, kwa sababu hakuna aliyezoea kumfikiria kuwa ni tajiri.

Tulikuwa watoto watatu: kaka yangu mkubwa, kaka wa pili, na mimi kitinda mimba. Mama alitangulia zamani. Mimi niliolewa Mombasa, nikaachika, nikarudi Malindi bila mtoto, na tangu hapo nikawa ndiye mwanamke wa nyumba ile. Nilimpikia Baba, nikamchoma sindano zake za sukari, nikamkata kucha za miguu alipokuwa hawezi tena kuinama. Kaka zangu walikuwa na wake na watoto na majumba yao. Mimi nilikuwa na chumba cha juu na Baba basi. Hilo lilimkosesha raha. Aliniambia mara nyingi kuwa akifa leo, kesho nitakuwa mgeni wa wake za kaka zangu, nikipewa chumba cha karibu na jiko na kuulizwa naondoka lini. Nilimwambia aache maneno ya kifo, lakini nilijua asemayo ni kweli.

Nyumba yenyewe iko mji wa kale, chini duka, juu sisi. Mtu asiye wa pwani hushangaa nikimwambia kuwa nyumba ilikuwa yetu lakini ardhi iliyo chini yake si yetu. Kwetu ni jambo la kawaida. Babu alijenga kwenye kiwanja cha watu, kwa ruhusa yao, na kila mwaka wakala wao alipita kuchukua kodi ya kiwanja, akinywa kahawa na kuuliza hali za wazee. Kuta, mabati na milango ni vyetu, udongo ni wao. Nyumba ya namna hiyo haina hati ya serikali. Ni yako kwa sababu unakaa ndani na mtaa mzima unajua ni yako. Kwa miaka yote hilo lilitutosha.

Sukari ilipoanza kumla mguu, Baba alituita sote watatu tukaenda Kilifi kwa wakili wake, mama mmoja wa bara aliyekuwa akimshughulikia mambo ya kampuni. Ofisi ilikuwa na ubaridi wa mashine, Baba akajifunga shali kama yuko hospitali. Pale ndipo tulipoandikiana mkataba wa familia. Kampuni na malori yawe ya kaka zangu tangu siku hiyo, na nyumba za Kilifi ziwe zao vilevile. Viwanja viuzwe, vilipe madeni, kitakachobaki kiende kwenye sadaka ya Mama. Nyumba ya Malindi iwe yangu. Hakuna aliyenung'unika. Kaka mkubwa alitia sahihi huku akitabasamu, akaniambia nimepewa popo na nyufa. Nani atagombania nyumba kongwe iliyokaa juu ya udongo wa watu?

Ila yule wakili alikuwa na shaka, na nampa haki yake, kwani aliisema shaka hiyo waziwazi.

"Hizi zingine zote nitamaliza," alimwambia Baba. "Ziko na hati, nitabadilisha majina na itakuwa imeisha. Lakini hii ya Malindi sina mahali pa kuandika jina la huyu dada. Hata nikiandika karatasi mpaka jioni, itabaki karatasi. Mzee, afadhali uulize watu wa dini yenu vile mnapeana."

Ndipo tukaenda Mambrui kwa ami, mdogo wake Baba, aliyesomesha watoto dini maisha yake yote na kuyajua mambo ya mirathi kuliko alivyowajua wanawe. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mrithi hausiwi," alisema. "Ukimuandikia wasia, na nduguze wakakataa ukishakufa, wasia wake ni maji. Mpe hiba ungali hai. Lakini hiba ni lazima ishikwe. Wewe utoke na vitu vyako, yeye ashike ufunguo na apokee kodi ya duka. Njoo ulale kwangu siku mbili tatu. Akikukaribisha, utarudi uwe mgeni wake. Hapo imekwisha, hakuna wa kuivunja."

Baba alifurahi kama aliyeambiwa aende harusini. Njia nzima ya kurudi alinitania. Akasema basi atakuwa mgeni wangu, nimuamkie vizuri, na nisimpe chai ya jana. Nikamwambia mgeni mwenyewe anakoroma, nitamlaza barazani. Tulicheka mpaka dereva naye akacheka. Nasimulia hili kwa sababu watu wakinihurumia leo hudhani ilikuwa shida tangu mwanzo, na haikuwa.

Wakati huohuo kaka zangu walikuwa wanapokea vyao. Kaka mkubwa alichukua funguo za malori mchana uleule tuliporudi kutoka Kilifi, kabla Baba hajavua viatu. Wiki haikwisha, majina milangoni mwa malori yamefutwa na kuandikwa upya. Baba alipokwenda ofisini kusalimia wafanyakazi, kama alivyozoea, alikuta kiti chake kimetolewa nje ukumbini, kwa kuwa kaka alinunua kingine. Alikaa na mlinzi wakazungumza habari za Yemen, kisha akarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyesema, na mtaa ukasema, kila mtu akasema kwamba watoto wale hawana haya, baba yao yu hai wanamnyang'anya mpaka kiti. Nilijivuna kidogo kwamba mimi si mmoja wao.

Siku yangu ilipofika, Baba aliamka mapema. Alitia kwenye begi kanzu zake, kofia, dawa, redio na ndara za kuogea. Mto wake akaushika kwapani, kwa sababu hawezi kulalia mto wa mtu. Tulisimama chini mlangoni mbele ya mashahidi wawili, wazee wa msikitini, akatamka kwamba nyumba hii amempa binti yake hiba, nami nikasema nimeikubali. Akanitia ufunguo mkononi. Wale wazee wakaenda zao. Ilibaki gari la ami lije limchukue.

Gari halikuja. Kulikuwa na maziko Mambrui, ami akatuma salamu kwamba atachelewa. Nilimwambia Baba angoje ndani, akakataa, akasema ndugu yake amesisitiza kuwa akishatamka asikae tena ndani. Akavuka barabara, akakaa kwenye baraza ya jirani, begi miguuni, mto mapajani, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Kila aliyepita alimwamkia shikamoo, na kila mmoja akamuuliza ana safari gani. Baba hakuwahi kujua kusema uwongo mdogo wa kuondoa udhia. Alimjibu kila mmoja kwamba nyumba amempa binti yake, kwa hiyo ametoka.

Nilikuwa juu dirishani nikiyasikia hayo. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye pua yake haijawahi kukosa harufu ya jambo, alipanda ngazi mpaka jikoni kwangu.

"Ati Baba yuwahama?" aliniuliza.

Nikamwambia yuwaenda Mambrui kumtembelea ami.

"Kutembea ndiyo kwenda na mto?"

Alishuka, nikamwona akisimama na mwenzake, na mwenzake na mwingine, wote wakitazama upande wa Baba, kisha dirisha langu, kisha Baba tena. Ningeweza kushuka nikawafundisha masharti ya hiba pale barabarani. Wangenisikiliza kwa adabu, kisha wangekwenda kusema kwamba aliyeachika Mombasa amekuja kumtoa baba yake nyumbani, na tena amemtolea na aya za kuhalalisha. Jua likapanda. Kivuli cha baraza kikamkimbia Baba, naye hakusogea, labda kwa ajili ya mguu. Alikaa juani, ameukumbatia mto, akiitikia marahaba.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, wanaume walikwenda msikitini na wanawake wakaingia ndani, barabara ikawa tupu. Nilishuka nikavuka, nikachukua begi.

"Baba, ingia ule," nilimwambia.

"Na ami yako?"

"Ataleta gari siku nyingine."

"Haya, mama," akasema, na akainuka upesi kuliko nilivyotarajia.

Alikula samaki wake, akalala. Baada ya isha aliniomba ufunguo, akashuka kufunga mlango kama kawaida yake, akapanda nao na kuuweka chini ya mto. Nilimwona. Nikazima taa.

Watu wakisikia habari hii hunitazama kama mjinga. Wanawake wenzangu husema ningemvumilia aende, siku mbili si nyingi. Ni rahisi kusema ukiwa hukumwona. Nikirudishwa siku ile leo hii, nikiwa nayajua yote yaliyofuata, nitashuka nichukue begi vilevile, na hilo ndilo linalonikasirisha. Laiti ningejuta. Anayejuta angalau anajua njia ambayo angeifuata. Mimi nikitazama nyuma sioni njia nyingine ambayo ningeweza kupita nikabaki mtu.

Tulisema wiki ijayo. Wiki iliyofuata mguu ulioza, tukalazwa Mombasa, wakamkata vidole. Tuliporudi hakuweza kushuka ngazi. Ami alikuja kumtazama, akanivuta kando akaniuliza jambo letu limefikia wapi, nikamwonyesha kitanda kwa macho, akarudi kuketi na Baba. Utamwambiaje mtu asiyeweza kwenda chooni peke yake kwamba abebwe atolewe nyumbani kwake ili sheria itimie? Nani ataanza sentensi hiyo, na ataimaliza vipi?

Kodi nayo ikaenda vilevile. Mpangaji wa duka alikuwa mtu wa bara, muuza nafaka, anayenunua mahindi kwa wakulima wa Adu na kuyauza mjini, mwanamume mwenye heshima zake. Nilimwomba awe ananipa mimi kodi. Alinitazama kama nimemwambia amwibie mzee. Akasema, mama, mzee yuko hai, nitampitaje? Kila mwisho wa mwezi alivua viatu chini, akapanda, akamkabidhi Baba kwa mikono miwili, akamuuliza afya yake, na Baba siku hiyo hushinda amechangamka kwa kuwa amefanya kazi ya kiume. Kisha hunipa zile pesa zote nikanunue samaki na dawa. Zilinifikia mimi. Lakini zilipitia kwake, na nikajifunza baadaye kwamba kupitia huko ndiko kila kitu.

Alifariki asubuhi moja baada ya uji, mkono wake juu ya redio. Nyumba ilijaa. Wanawake walioketi nami kwenye mkeka, hata yule jirani mwenye pua, walinipa mkono mmoja baada ya mwingine na kuniambia nishukuru Mungu, mzee hakufia hospitali wala kwa watu, amefia nyumbani kwake. Nikaitikia alhamdulillahi kila mara. Ilikuwa faraja ya kweli. Sikujua kwamba nilikuwa naisikia hukumu kabla ya kesi.

Miezi michache baadaye ami naye, aliyekuwa akiishi peke yake, akatutoka. Kwa hiyo sasa mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba Baba hakulala Mambrui hata siku moja nilikuwa mimi.

Kaka mkubwa alisubiri arubaini ipite, akangoja tena kidogo kwa ajili ya ami, kisha akaja. Si mtu mwovu, ningependa awe mwovu, ningepumzika. Biashara ya chumvi ilikuwa imemgeuka. Alikopa benki kununua malori mapya, mengine yakapata ajali, mengine yalisimama uani bila magurudumu. Aliketi mahali pa Baba, akanywa chai yangu, akaeleza kwa upole kwamba nyumba ni ya mirathi, kwa kuwa Baba amekufa akiimiliki, na kwamba mengi yanajengwa siku hizi mji wa kale, kuna watu wanatafuta nyumba kama hizi za kugeuza ziwe za wageni, na wanatoa vizuri. Nikamkumbusha mkataba wa Kilifi, sahihi yake imo.

"Dada, mimi sikunyimi," alisema. "Nafuata sheria tu. Fungu lako liko."

Nilikwenda Kilifi peke yangu. Yule wakili alinikumbuka, akaniletea maji. Akanieleza kwamba vitu vya kaka zangu vilishaandikwa kwa majina yao Baba akiwa hai, havigusiki. Kuhusu nyumba, alinituma nikaulize kama ndugu zangu wataridhia sasa, kwani sahihi waliyotia Baba akiwa hai haiwafungi. Mtu hawezi kutoa ridhaa juu ya mirathi ambayo bado haijawa mirathi. Niliuliza basi tuliandikiana nini siku ile. Alinijibu kwa huruma kwamba tuliandikiana nia njema.

Kwa hiyo hesabu ikasimama hivi. Wale waliochukua funguo kabla baba yao hajavua viatu, waliofuta jina lake kwenye malori na kutoa kiti chake ukumbini, walikuwa wamepokea zawadi zao kwa ukamilifu, hakuna kadhi wala jaji wa kuwagusa. Walishika kama ami alivyosema hiba ishikwe. Mimi niliyemrudisha Baba mezani sikushika kitu, kwa hiyo sikupewa kitu. Ile nyumba sasa igawanywe kwa watoto watatu, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ninalo fungu moja katika matano. Kaka zangu wana yao manne, pamoja na Kilifi yote. Nilikaa kituoni pale Kilifi bila kupanda gari, nikilia mbele za watu, na sikujali.

Kaka mkubwa akapeleka mirathi kwa kadhi, na kabla ya siku ya mahakama kaka wa pili alikuja. Huyu ni mtu wa kutazama chini, maisha yake yote amekuwa kivuli cha mkubwa wake. Hakutaka hata kuketi. Alisema mtaa mzima ulimwona Baba na begi na mto. Jirani yuko tayari kuapa kwamba alimwona akitoka, na hakuna aliyemwona akirudi siku ile. Mwingine wa kukanusha hayuko duniani.

"Sema alilala Mambrui usiku mmoja," aliniambia. "Usiku mmoja tu. Mimi sitapinga, na mkubwa wetu hana la kujua."

Nilimpenda kwa hilo. Tena alikuwa sahihi kabisa, njia ilikuwa wazi. Masengenyo yote ya siku ile, yale yaliyonichoma dirishani, sasa yalikuwa mashahidi wangu. Nilichotakiwa ni kukubaliana nayo.

Kadhi alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliniita binti yangu, akaamuru niletewe kiti nilipoapishwa. Kaka mkubwa alikuwa upande wa pili na wakili wake. Jirani alikuwa amekwisha kusema yake, kwamba alimwona mzee kwa macho yake akiwa nje na virago vyake, na kwamba aliambiwa na mzee mwenyewe kuwa ametoka. Alisema kwa raha, kama mtu ambaye hatimaye amesadikiwa. Kadhi akaandika, akanigeukia.

"Siku hiyo mzee alitoka nyumbani?"

"Alitoka."

"Alilala wapi?"

Nilikuwa nimejizoeza jibu. Nililisema mara nyingi jikoni, peke yangu, mpaka likawa halina ladha: alilala Mambrui kwa ndugu yake. Nikafungua kinywa. Na nikaona kwamba nikilisema, nitakuwa nimesema mbele ya Mungu na mbele ya wale wanawake waliojaa kwenye benchi la nyuma kwamba ni kweli, nilimtoa. Kwamba alipokuwa juani na mto wake mimi nilikaa juu na ufunguo. Kwamba jua lilikuchwa nikiwa nimemwacha aende. Sikuwa namcha Mungu kuliko watu wengine siku ile, nisijipambe. Sikuweza tu kulisema hilo juu ya Baba, kama nilivyoshindwa kulifanya.

"Alilala kitandani kwake," nilisema.

"Na kodi ya duka, tangu siku hiyo, alipokea nani?"

"Baba."

Kaka wa pili alifunika uso. Kadhi aliweka kalamu chini kwa muda, akaniuliza kama ninataka kuongeza lolote. Nikasema nyumba alinipa mimi, kila mtu humu ndani anajua alinipa mimi. Akasema na yeye anajua. Alisema hana shaka hata kidogo juu ya alichotaka marehemu, ila yeye hakuwekwa pale kutoa alichotaka mtu, amewekwa kutoa alichokitoa. Kisha akawaomba kaka zangu, kama ndugu, wafikirie kuridhia. Kaka wa pili alimtazama mkubwa. Mkubwa alitazama dirisha. Kadhi akangoja muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, nadhani kwa ajili yangu, kisha akasoma uamuzi.

Siku ya makabidhiano nilikuwa nimeshafungasha. Vyombo vya Mama nilimpa binti wa jirani anayeolewa, kwa kuwa chumba nilichopata Kilifi hakina nafasi. Nilikuwa juu nikifagia, na sijui kwa nini nilifagia, wakati niliposikia sauti za watu chini. Kaka mkubwa amekuja na mnunuzi, mtu wa Nairobi na mkewe, kuwaonyesha nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba ilikuwa yake kuliko yangu, karatasi anayo mfukoni. Angeweza kuingia tu.

"Hodi," akasema.

Nilisimama na fagio. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka, hata angekuwa nani. Namjua kaka yangu. Angeondoka. Angewaambia wale wageni kwamba mwenyewe hayuko, angewapeleka wakanywe soda, na angerudi kesho. Ningebaki mle ndani mpaka kesho.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ileile ya adabu.

Mwanamke wa watu alikuwa amejikinga jua kwa mkoba wake. Nilimwona kutoka dirishani. Sikungoja hodi ya tatu. Nikamjibu karibu.